Siku Kitambaa Kilipotoka Manjano

Naanza kwa jina la Aliyenipa mikono miwili na kuniachia yote mpaka uzeeni. Bega la kulia limechoka, ila vidole bado vinahesabu tasbihi, na daktari amenikataza kusugua kitu chochote kikubwa kuliko sahani. Nimetii. Ndoo, nta na mafungu ya vitambaa nimewaachia nyinyi vijana wawili mliobaki uani kwangu hapa Biryogo, Kigali. Na kwa kuwa mkiwa kazini mnanisikiliza kwa sikio moja, la pili likiwa kwenye redio, nimeona heri niandike.

Sitaandika nililipwa nini. Nililipwa, tukala, alhamdulillahi. Nitaandika jinsi kazi ilivyonifundisha, na gari moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka hupumua kwanza.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Babu alikuja kutoka Ujiji na majora ya vitambaa, akauza, akaoa, akabaki. Mimi nilirithi cherehani bila kurithi jicho. Suruali nilizoshona zilikuwa na mguu mmoja wenye haraka kuliko mwenzake, na wateja, kwa adabu ya watu wa hapa, walinisifu kisha wakazipeleka kwa baba kurekebishwa. Miaka michache baada ya uhuru, baba akanipa kazi ninayoiweza: kukusanya vipande vya flaneli na pamba vilivyobaki chini ya meza na kuvipeleka Gikondo, kwenye gereji moja, kwa mpakaji rangi aliyeitwa Fundi Kasongo.

Kasongo alitoka Uvira, Kongo. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na alilishika gari kama mtu anayemshika mgonjwa. Siku ya kwanza hakunitazama mimi, alitazama vitambaa. Siku ya pili aliniambia, "Weye mutoto wa cherehani, unasimama bure. Kamata hii, pangusa mulango." Nikapangusa kwa nguvu zote, nikidhani nguvu ndiyo kazi. Nilipomaliza, mlango ulikuwa na mkwaruzo mrefu mweupe kutoka bawaba hadi kitasa.

Kasongo akachukua kile kitambaa, akakigeuza. Ndani kulikuwa na kifungo cha shati.

"Kifungo," alisema polepole. "Umeacha kifungo. Baba yako anafunga nguo za watu, weye unafungua rangi ya watu!" Gereji nzima ikacheka. Kisha akakipitisha kitambaa kingine shavuni mwake, taratibu, kama mtu anayenyoa. "Kabla ya gari, uso. Kama inakuuma weye, itauma na gari. Rangi haiko ukuta, kijana. Rangi iko ngozi."

Basi ndiyo maana mnaniona napitisha vitambaa shavuni, nanyi mnacheka. Chekeni, lakini pitisheni.

Nilikaa kwake miaka mingi. Alinifundisha kwamba vumbi letu jekundu si vumbi, ni mchanga uliosagwa, na anayelipangusa kavu asubuhi analipiga gari msasa kila siku ya Mungu. Maji kwanza, mengi, kutoka juu kwenda chini. Sabuni ya kipande, siyo ya unga. Kivulini, wakati bati limepoa kiasi cha kuweka kiganja na kusahau umekiweka. Kisha dawa ya kung'arishia, kidogo sana, kwenye flaneli yenye unyevu, ukienda mistari minyoofu kufuata mwendo wa gari, eneo dogo kwa eneo dogo. Rangi iliyopauka haijafa. Imefunikwa na ngozi yake yenyewe iliyokufa. Wewe unaondoa ile iliyokufa na kuacha iliyo hai, na shida yote ya kazi hii ni kujua ya kwanza inaishia wapi.

"Angaria kitambaa," Kasongo alisema. "Gari ya bluu, kitambaa iwe bluu. Usiogope, ni ngozi inatoka. Lakini siku kitambaa inabadirisha rangi, acha. Umefika kwa mufupa."

Aliporudi kwao Uvira, nilianza kufanya kazi nyumbani. Watu waliniuliza kwa nini siendi gereji kubwa. Gereji kubwa wanakata vyuma, na vumbi la chuma ni adui. Uani kwangu adui alikuwa mmoja tu, mke wangu Mwanaisha, aliyetaka kamba zake za nguo. Tulipatana: magari siku tano, kamba siku mbili. Amri hiyo haijawahi kuvunjwa, hata na gari la mkuu fulani ambalo Mwanaisha aliamuru litolewe nje ili kanga zikauke.

Magurudumu niliyajifunza mwenyewe. Zamani vile vifuniko vya katikati vilikuwa vya chuma cheupe kinachong'aa, na mvua za Kigali zilivitia kutu ya vidoadoa, kama uso wa aliyeugua ndui. Msasa unaondoa kutu na mng'ao pamoja. Dereva mmoja Mkongo akanionyesha siri: karatasi ya fedha iliyo ndani ya pakiti ya sigara. Ichovye majini, isugue polepole juu ya kutu, utaona uji mweusi unatoka, ukiosha kuna kioo. Sijui ni kwa nini. Namshukuru Anayejua.

Tatizo likawa pakiti zenyewe. Mimi sivuti. Basi nikawa napita asubuhi mbele ya baa moja ya Nyamirambo, nikiziokota chini kabla hawajafagia. Asubuhi moja, tena ya Ramadhani, nainuka na pakiti sita mkononi, namwona imamu wetu kasimama ng'ambo ya barabara.

"Sefu," alisema.

"Naam, Sheikh."

"Tangu lini?"

"Ni za magurudumu, Sheikh."

Alinitazama kwa huruma kubwa. Ijumaa ile hotuba ilikuwa juu ya wanaoficha maradhi yao. Ilibidi nimwalike nyumbani nikamsuguie kifuniko mbele ya macho yake, ndipo akacheka mpaka kofia ikaanguka, na tangu hapo akawa ananiletea pakiti yeye mwenyewe. Alizitoa wapi, sikumuuliza.

Sasa nifike kwenye gari lile.

Palikuwa na dereva aitwaye Gasana, Mkristo mwema kutoka upande wa Kicukiro, mwenye watoto wanne. Aliendesha gari la injinia mmoja wa Kizungu aliyekaa mlimani Kiyovu, naye Gasana na familia yake waliishi katika nyumba ndogo nyuma ya ile ya bwana wake. Maana yake, akifukuzwa kazi asubuhi, jioni watoto hawana pa kulala. Injinia na mkewe walikwenda likizo Ulaya miezi miwili. Kabla ya kuondoka alimwambia Gasana neno moja tu: gari nilikute kama nilivyoliacha.

Gasana alitaka kumpendeza. Kila asubuhi alilipangusa, kavu, kwa gunia. Lilipoanza kupauka akaliosha kwa sabuni ya unga. Lilipozidi kupauka akafanya wanavyofanya madereva wengi wa mji huu: akalipaka mazutu, yaani dizeli. Mazutu hung'aa siku moja. Siku ya pili vumbi la Kigali nzima linakuja kukaa juu yake na kuota jua. Jumatano moja aliliingiza uani kwangu, gari refu la bluu iliyokoza, mgongo mweupe kama umepigwa chokaa.

"Muzehe, mimi nimekufa," alisema kabla hajashuka. "Patron anafika samedi, siku tatu tu. Angalia! Iko kama punda imelala kwa majivu."

"Ulipaka mazutu?"

"Kidogo."

"Kidogo?"

"Muzehe, kila siku kidogo."

Niliweka kiganja juu ya paa. Rangi ilikuwa na ukali kama ulimi wa paka, lakini chini yake niliisikia bado nene. Nikamwambia, inshallah, litapona. Akakaa juu ya ndoo na kufunga macho.

Jumatano yote niliosha na kutoa mazutu. Alhamisi nikaanza kung'arisha. Paa likarudi, bluu kama anga ya baada ya Magharibi. Milango ikarudi. Kila flaneli iliyotoka ilikuwa bluu, bluu, bluu, na Gasana aliyekuwa akinibadilishia maji alianza kuimba nyimbo za kanisani kwao. Mwanaisha akaitikia kutoka jikoni bila kujua anaitikia nini.

Nilibakisha boneti. Kingo za boneti huwa nazifunika kwa utepe wa karatasi, kwa sababu pembeni rangi ni nyembamba hata kwenye gari jipya. Siku ile utepe ulikuwa umebaki kipande, nao niliutumia upande wa kulia. Upande wa kushoto nikajiambia: mkono wangu una miaka mingi, utakwenda polepole.

Ulikwenda polepole. Lakini nilipogeuza kitambaa, kilikuwa manjano.

Niliacha palepale. Penye ukingo, juu ya taa ya kushoto, palikuwa na doa upana wa ganda la yai. Nilitazamia kijivu, maana rangi ya chini ya kiwandani huwa kijivu. Hili lilikuwa manjano, la ungaunga. Nikalikwaruza kwa ukucha. Mastiki. Na mastiki haitoki kiwandani. Mastiki huwekwa na fundi, mahali palipobonyea.

"Gasana," nilisema, "gari hili liligongwa."

Uso wake ukabadilika. "Hapana, Muzehe."

"Mastiki hii ni changa. Haina mwaka."

"Mana yanjye, Mungu wangu! Nimeendesha hii gari miaka mitatu. Haijagusa hata kuku!"

Nami, Mungu anisamehe, sikumwamini. Sikusema, lakini moyoni nilisema: wamegonga wangapi, wakanyamaza wangapi. Niliona mbele yangu jambo jepesi kulielewa. Mimi nimeunguza rangi, yaani nimeisugua mpaka ikaisha, kwa uzembe wangu, na chini ya uzembe wangu kuna uongo wa Gasana. Injinia akiliona doa ataona mastiki, akiona mastiki atajua dereva wake aligonga na kuficha.

Gasana alielewa upesi kuliko mimi. Alikimbia hadi kwenye rafu yangu, akarudi na kopo la dawa nyeusi ya viatu. "Weka hii. Weka, funika na nta. Kasongo alikuwa anafanya, wewe mwenyewe ulituambia!"

Ni kweli. Juu ya bluu iliyokoza, dawa nyeusi ya viatu na nta ya nyuki huficha doa hata kwa jicho la fundi. Kasongo alilifanya mara moja au mbili, akilaani. Nami nilikuwa nimelisimulia kama kichekesho.

"Mvua ya pili itaiosha," nilisema. "Ikitoka, watasema uligonga, na ukaficha mara mbili."

"Mvua ya pili iko mbali! Watoto wangu wanakula leo!"

"Gasana, hii ni kazi ya mkono wangu. Siwezi kumrudishia mtu gari lenye aibu chini na mafuta juu. Nitakwenda nawe Jumamosi, nimwambie ni mimi niliyeunguza."

"Na mastiki? Utamwambia ni wewe uliweka?"

Nikaikunja ile flaneli, manjano ndani.

Akaliweka kopo chini, taratibu mno. "Ndakwinginze, Muzehe. Nakuomba. Wewe unanunua pepo yako kwa chakula ya watoto wangu."

Wanangu, nimeambiwa mengi katika kazi hii, mengine kwa Kifaransa. Hakuna neno lililoniingia kama lile, kwa sababu halikuwa la uongo lote. Tulifundishwa madrasa habari za mfanyabiashara aliyeweka nafaka kavu juu na mbichi chini, na nilimshika yule mfanyabiashara kama mtu anayeshika ukuta gizani. Lakini yule hakuwa na dereva mwenye watoto wanne. Ijumaa nilisali, nikarudi, nikachemsha nta ndani ya sufuria ya maji ili tapentaini isishike moto, nikapaka gari lote. Nikasafisha magurudumu manne kwa pakiti za imamu mpaka yakawa na mbingu ndani yake. Doa nililiacha wazi. Gasana alileta maji, akayaweka mbali kidogo na mkono wangu.

Jumamosi baada ya Adhuhuri tukapanda Kiyovu. Injinia alikuwa mtu mrefu aliyeishi Katanga ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alizunguka gari, akipiga mluzi wa chini. Mkewe alisimama barazani na kikombe.

"Ni muzuri," alisema injinia. "Muzuri kupita zamani."

"Bwana," nilisema, "kuna mahali nimeharibu." Nikamwonyesha. Nikamweleza habari ya utepe uliokwisha, na mkono wangu uliojiamini. Alisikiliza vizuri. Kisha akainama, akapitisha kidole, na kidole kikatoka manjano.

Akasimama wima. Hakunitazama tena mimi.

"Gasana. Ulipiga nini?"

"Sikupiga kitu, patron."

"Mastiki haijiweke yenyewe."

"Naapa kwa Mungu, patron."

"Siyo gari inaniuma. Ni bongo, ni kunidanganya. Leta lufunguo."

Nilisema, "Bwana, mimi sijui nani..." lakini sauti yangu ilikuwa ndogo, kwa sababu mimi nami nilidhani najua. Gasana alitoa ufunguo mfukoni, akaushika kidogo kama mtu anayepima uzito wake, akauweka katika kiganja cha injinia. Nyuma ya nyumba mtoto alikuwa anacheka kitu.

Kikombe kikagonga sahani yake barazani. Madamu akasema neno kwa Kifaransa, fupi. Injinia akageuka. Madamu akalisema tena. Kifaransa changu ni cha kuuzia vitambaa, lakini neno la "mimi" nalijua. Akashuka ngazi na ndara zake za ndani, akanyoosha mkono kuelekea getini. Hapo ndipo nilipoona kwamba nguzo ya kushoto ya geti ilikuwa nyeupe pe, imepakwa juzijuzi, na ile ya kulia ilikuwa kuukuu na chafu.

Mambo yalikuwa hivi, kama Gasana alivyokuja kuelezwa jikoni baadaye, naye akanieleza. Wiki mbili kabla ya safari, Gasana alikwenda Gitarama kumzika baba mkwe. Injinia alikuwa kwenye barabara alizokuwa akizijenga huko Ruhengeri, kwa gari la kazi. Madamu, aliyekatazwa kuendesha mpaka ajifunze vizuri, akaona hiyo ndiyo nafasi ya kujifunza vizuri. Nguzo haikukubali. Fundi mmoja alilitengeneza gari kwa siku mbili, mtunza bustani akapaka nguzo, na siri ikapanda ndege kwenda Ulaya na kurudi.

Madamu alikuja mpaka mbele ya Gasana. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kilitosha. "Gasana, pole. Ni miye. Nilikuwa na haya."

Injinia aliitazama nguzo kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anakumbuka aliuliza kwa nini imepakwa moja tu, na alijibiwa nini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni hasira, kumbe ni kicheko, cha mtu anayejitahidi asicheke mbele ya mkewe. Akaurudisha ufunguo mkononi mwa Gasana na kuukunja mkono ule kwa mikono yake miwili. Hakuomba radhi. Baada ya kukohoa alisema tu, "Magurudumu ni mazuri sana."

Nilimgeukia Gasana palepale, nikamwambia mbele yao, "Nilikudhania vibaya. Nisamehe." Aliniitikia kwa kichwa.

Msichukue kisa hiki mkakifanya cha ujanja wangu. Sikujua. Kama madamu angebaki na kikombe chake, watu sita wangelala nje kwa sababu mimi niliona uvivu wa kwenda dukani kununua utepe, na ukweli wangu usingewafunika baridi. Nilisitiriwa, basi, na kusitiriwa si sawa na kuwa na akili. Nunueni utepe.

Injinia alimwamuru Gasana anirudishe Biryogo kwa gari. Tukaingia. Gasana akaweka ufunguo, ukagonga pembeni mwa tundu. Akajaribu tena, ukagonga upande wa pili. Akaitazama mikono yake, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka.

"Muzehe, haiingii," alisema. "Twende na miguu."

Tukashuka mlima kwa miguu, yeye amevaa viatu vyake vya kazi vyenye soli laini, akijikwaa kila hatua tano na kunishika mkono. Katikati ya mteremko alisimama kupumua, akageuka kutazama tulikotoka.

"Miaka mitatu napita hapa kila siku," alisema. "Sikujua kama hii njia iko na mawe."